Makasha Mawili na Patasi Moja

Kijiji chetu ni kimya mpaka jogoo akiwika anaona haya. Wageni wanaupenda ukimya huo. Wanashuka kwenye magari, wanavua viatu, wanatembea mchangani polepole kama watu waliotoka hospitali leo, halafu wanakuja kwenye kibanda chetu kutafuta kitu cha kwenda nacho kwao. Na hawataki kitu kipya. Vipya wanavyo. Wanataka kitu cha asili, cha kale, kilichoshikwa na mikono ya watu waliokwisha kufa. Sasa waliokufa wetu hawakuacha vitu vingi. Waliacha sufuria zilizotoboka, na sisi.

Basi mimi nikawa nawasaidia.

Fundi Randa, seremala wetu, anachonga: vigoda, miiko, sinia, visanduku. Kitu kikitoka kwake ni cheupe na kinanuka mbao mbichi. Kikifika kwangu nakipa umri. Kwanza nakipiga kwa funguo nilizofunga ndani ya soksi, kipate makovu. Nakiosha kwa chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa chungu. Nakipaka siki niliyolowekea misumari yenye kutu; mti ukilamba siki ile unanuna papo hapo, unakuwa mweusi. Halafu nakining'iniza juu ya meko wiki tatu, kila ninachopika nacho kinavuta moshi wake. Mwisho ni mafuta na majivu, nasugua kwa gunia. Matundu ya wadudu natoboa kwa sindano ya moto, ila si kwa mstari, maana mdudu hana rula. Nikimaliza, kitu cha mwezi uliopita utadhani kilihudhuria mazishi ya babu yangu. Ndiyo maana hapa wananiita Bi Masizi.

Anayeuza kibandani ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pekee. Mwanangu yuko kwenye meli za mizigo, tunamwona mara moja kwa mwaka. Mkewe ana uso usio na kona hata moja. Uongo ukipita pale unajulikana. Nilimfundisha maneno machache tu: "Hiki kilikuwa cha bibi yake bibi." Akiyasema anainamisha macho kwa aibu, na wageni wanadhani ni majonzi, wananunua haraka.

Kitu cha kale cha kweli kwetu kilikuwa kimoja. Kasha dogo la mti, ukubwa wa matofali mawili, bibi yangu alinipa siku naolewa. Aliniambia lilikuwa la bibi yake. Humo nikaweka sindano, nyuzi, miwani, na barua mbili za marehemu mume wangu, ambaye aliandika mara mbili tu maishani mwake na zote alikuwa anaomba mashati. Mwaka jana mgeni mmoja aliliona, akataka kulia. Nikamwambia haliuzwi. Alipoondoka tamaa ikanikaa kooni. Nikamwendea Fundi Randa nikamwambia, "Nitengenezee pacha wake."

Alilitengeneza kwa mbao za kitanda changu cha zamani, kitanda kilichokuwa kimepakwa rangi ya kijani. Nje aliranda mpaka rangi ikaisha. Lakini kasha lile chini lina mbao mbili zilizogandamana, na nyuso zile mbili zinazotazamana ndani, ambazo hakuna jicho litakalozifikia, aliziacha na kijani chake. "Mama, ya nini kuranda pasipoonekana?" Fundi Randa hajawahi kujichosha pasipoonekana.

Pacha yule nilimpikia wiki tano. Siku ya kumtoa nilimwaga vitu vyangu vyote kwenye ungo, nikayaweka makasha mawili mezani, bega kwa bega, nilinganishe rangi. Nikayazunguka. Nikayanusa. Nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu, maana hata mimi sikuona tofauti. Nikiwa bado najisifu nikakumbuka ni siku yangu ya kliniki ya mguu. Nikachukua kanga na kadi, nikaondoka, nikayaacha pale pale.

Niliporudi kulikuwa na moja.

"Mama, nimeuza!" mkamwana wangu akanipokea mlangoni, mtoto mgongoni. "Mama mmoja wa miwani ya mnyororo. Hakuuliza hata mara mbili."

"Umeuza lipi?"

"Lile jipya."

"Umejuaje kuwa ni jipya?"

Akanitazama. "Si lile lililokuwa upande wa mlangoni?"

Nikajaribu kukumbuka nimeweka lipi upande gani. Wapi! Kichwani mlikuwa na foleni ya kliniki tu. Nikasema, "Ndilo hilo," kwa sauti ya mtu anayejua, nikarudisha sindano zangu kwenye kasha lililobaki, nikapika.

Kesho yake chai haijachemka, koplo akapiga hodi. Koplo wetu ni mtu mzuri, ana tumbo na haya. Hakuingia ndani.

"Shikamoo, bibi. Mkamwana wako yupo?"

"Marahaba. Anamnyonyesha mtoto. Kuna nini?"

"Amalize kwanza. Halafu twende naye kituoni. Na mtoto amchukue tu." Akaangalia viatu vyake. "Amchukue na nguo zake."

Nilipolisikia hilo la nguo, mguu wangu wa kliniki ukapona kwa muda. Nikawafuata.

Kituo chetu ni chumba kimoja chenye kaunta, benchi, na feni isiyo na mapanga. Kwenye kaunta palikuwa na kasha. Nyuma yake amesimama kijana mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, amevaa glavu nyeupe za kitambaa. Alikuwa afisa wa mambo ya kale kutoka mji mkuu wa wilaya. Jana yake jioni alikuwa kwenye kizuizi cha barabara kuu, mizigo ya mama wa miwani ikafunguliwa, kasha likaonekana. Mama yule hakusumbua. Alisema tu ameuziwa na mwanamke wa kibanda cha ufukweni, na mwanamke huyo alimwambia lilikuwa la bibi yake bibi.

"Ulisema hivyo?" Bwana Glavu akamuuliza mkamwana wangu.

"Nilisema."

Uso ule usio na kona! Nilitamani kuubana.

"Kitu kilichozidi miaka mia hakiuzwi wala hakitoki bila kibali," akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Hili limezidi. Gari linaondoka saa sita. Yeye na kasha tunakwenda nao. Litatazamwa na wataalamu."

"Kwa muda gani?" nikauliza.

"Wiki sita. Wakati mwingine nane."

"Na yeye?"

"Atakaa rumande mpaka majibu yatoke."

Mkamwana wangu alimbana mtoto, na mtoto, ana miezi minne, akadhani ni mchezo, akacheka.

"Bwana mkubwa," nikasema, "kasha hili ni jipya. Nimelizeesha mimi mwenyewe, jikoni kwangu. Chai, siki, masizi."

Akatabasamu kidogo, kama unavyomtabasamia mtoto anayesema amekula simba. "Bibi, nimesomea mbao miaka minne. Tazama makovu haya. Tazama matundu ya wadudu."

"Ni sindano."

"Sindano haitoboi hivi. Huyu ni mdudu, na amekufa zamani."

Sijui kama nilikasirika au nilivimba kichwa. Miaka yote nataka mtu aseme hivyo, na amesema siku hiyo!

"Ndani ya mbao za chini kuna rangi ya kijani," nikamwambia. "Ni kitanda changu. Zipasue uone."

Hapo akaacha kutabasamu. "Sikiliza vizuri, bibi. Nikilipasua na likawa la kale, nimeharibu mali ya taifa. Na wewe ukilipasua, ni kosa la pili, zito kuliko la kwanza, na litaandikwa juu ya muuzaji." Akamwonyesha mkamwana wangu kwa kidole cheupe. "Kama ni jipya kweli, sina kesi na mtu. Niletee aliyelitengeneza, aliseme mbele yangu na aweke sahihi. Kabla ya saa sita."

Ilikuwa saa nne na nusu.

Nikatoka. Njia ya kwa Fundi Randa inapita mlangoni kwangu, nikaingia. Kasha lililobaki lilikuwa pale kwenye rafu. Nikamwaga sindano, nikalipeleka dirishani kwenye mwanga. Nikalinusa: moshi. Nikaligonga kwa kifundo cha kidole: likaitika kama mbao yoyote inavyoitika. Nikalilamba, Mungu anisamehe, nikapata ladha ya mafuta na majivu, lakini la bibi nalo nimelipaka mafuta na majivu miaka hamsini. Nikatafuta kovu ninalolijua pembeni, alipong'ata mwanangu akiota meno. Nikalikuta. Nikakumbuka kuwa kovu hilo nililiiga kwa koleo, kwa fahari kubwa.

Panga lilikuwa nyuma ya mlango. Pigo moja tu chini ya kasha lile lingenijibu. Nikikuta kijani, basi la bibi ndilo lililoko kituoni, na kumwita fundi ni kujichosha. Nisipokuta, lililoko kituoni ni kitanda changu, na nirudi pale kifua mbele. Nikalinyanyua panga. Nikalishusha. Nikalinyanyua tena, nikaona kovu lile la meno, la kweli au la koleo, nikalirudisha panga nyuma ya mlango, nikaenda zangu kwa fundi.

Nilimkuta amezungukwa na vigoda ishirini. Hoteli iliyoko ng'ambo ya ghuba ilikuwa imeviagiza, vigoda vya kale, na vilikuwa vinasubiri zamu yao jikoni kwangu.

"Fundi, vaa shati. Twende kituoni ukaseme kasha ni lako."

"Niseme mbele ya nani?"

"Mbele ya serikali."

"Mama, umelala vizuri?" Akaweka randa chini. "Nikisema pale, saa nane hoteli wamesikia. Hivi vigoda nitavikalia mwenyewe? Nina makalio ishirini?"

"Mkamwana wangu anapelekwa rumande na mtoto wa miezi minne."

Akakuna kidevu. Yeye ndiye aliyemtengenezea mtoto kitanda, bila kuombwa. Kilikuwa na mguu mmoja mfupi, lakini alikitengeneza.

"Nitasema," akasema. "Ila nione kwanza ni lipi. Siweki sahihi kitu nisichokiona."

"Utaliona."

Akabeba mfuko wake wa vyombo, maana fundi bila mfuko wake ni kama amevuliwa suruali. Njiani nilimfundisha maneno. Nikamwambia asijibu asichoulizwa. Nikamwambia asiangalie glavu. Sikumwambia kuwa sijui ni kasha lipi. Nilijua angegeuza.

Tulifika saa tano na robo. Watu walikwisha kujaa dirishani. Kijijini kwetu hata mbuzi akipandishwa kwenye gari watu wanaacha kazi. Fundi Randa akasalimia, akaweka mfuko kwenye benchi, akasogea kaunta. Bwana Glavu akamgeuzia kasha pande zote, taratibu. Fundi akainama. Akaangalia kona. Akaangalia vijiti vilivyofunga kona. Akaomba lipinduliwe. Akaangalia tena.

Muda ulikuwa mrefu. Nikasikia mtu dirishani anatafuna muwa.

"Hili umelitengeneza wewe?" Bwana Glavu akauliza.

Fundi Randa akanyoosha mgongo. "Huu si mkono wangu."

Nikamkanyaga mguu.

"Mama, huu si mkono wangu," akarudia, safari hii akinitazama mimi.

"Ana woga tu huyu, bwana mkubwa! Ana vigoda vya watu. Fundi, sema!" Nikamkanyaga tena, na kisigino.

"Bibi, inatosha," akasema Bwana Glavu. "Koplo, andika. Fundi amekana."

Koplo akafungua daftari kama mtu anayefungua kidonda. Mkamwana wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa wima, akainamisha kichwa juu ya mtoto na mabega yake yakaanza kutikisika. Hakutoa sauti. Ningemsikia akilia kwa sauti labda nisingefanya nilichofanya.

Nilipomtazama Fundi Randa nikajaribu kumsoma. Anakana kwa sababu ya vigoda vyake, au anakana kwa sababu ni kweli? Mtu huyu nimemjua tangu anachongea wenzake magari ya kuchezea, na uso wake ni ule ule, anadanganya au anapiga chafya. Hakuna nilichopata pale. Kama anadanganya, ndani mna kijani na msichana yule anarudi nyumbani. Kama anasema kweli, lile ni kasha la bibi yangu, na nikiligusa mashitaka yanakuwa mawili.

Nje gari likawashwa. Dereva alikuwa analipasha moto.

Bwana Glavu akageuka kuchukua karatasi za kufungia kasha. Mfuko wa fundi ulikuwa wazi kwenye benchi, karibu na goti langu. Nikaona mpini wa patasi, na nyundo chini yake. Sikufikiri. Mtu akiniambia leo kwamba nilifikiri nitamkatalia.

Nikalipindua kasha, nikaweka patasi kwenye ufa wa mbao mbili za chini, nikapiga.

"Bibi!" Koplo akaruka.

Pigo la kwanza liliingia kidogo tu. Bwana Glavu akadaka mkono wangu, na glavu zile zinateleza. Nikamponyoka, nikapiga la pili kwa nguvu zote za mtu aliyepukuchua mahindi miaka sitini. Mbao ikalia. Kipande kizima cha chini kikabanduka, kikaanguka kaunta kwa mgongo wake, upande wa ndani ukatutazama.

Hakukuwa na kijani.

Hata tone. Mbao ilikuwa ya kahawia, kavu, ya zamani. Dirishani hata mtafuna muwa akanyamaza. Nilimtazama mkamwana wangu, naye alikuwa ananitazama, na nikaona ameelewa kila kitu: kwamba mama mkwe wake ametoka kumfunga mara ya pili.

"Umeona ulichofanya?" Bwana Glavu akasema polepole. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko glavu. "Umeona, bibi?"

"Afande," akasema Koplo.

"Andika. Uharibifu wa..."

"Afande, kuna maandishi."

Koplo alikuwa ameinama juu ya kipande kile mpaka pua imegusa. Akakipangusa kwa mkono wa shati. Kweli, chini ya vumbi kulikuwa na herufi nyeusi, zile zinazopigwa kwa brashi juu ya bati lililotobolewa. Nusu yake ilikuwa imekatwa. Koplo akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama darasani:

"Sa-bu-ni. Mi-che ar-ba-i-ni na na-ne. We-ka pa-ka-vu." Akasita. "Elfu moja mia tisa hamsini na nane."

Bwana Glavu akamnyang'anya kipande, akakipeleka mlangoni kwenye jua. Akakitazama juu, chini, akakikwaruza kwa ukucha. Nikaona midomo yake inahesabu.

"Ni sanduku la sabuni," akasema mwishowe. Alilisema kama mtu aliyefiwa. "Limetengenezwa kwa mbao za sanduku la sabuni."

"Na miaka mia?" Koplo akauliza. Alikuwa amekwisha kuhesabu kwa vidole, nilimwona, ila alitaka mwenzake aseme mwenyewe.

"Haijafika."

"Hata kwa mbali?"

"Koplo, nimesema haijafika!"

Akavua glavu, kidole kimoja kimoja. Halafu akanigeukia. "Ulisema rangi ya kijani. Ulisema kitanda."

"Nimezeesha vitu vingi, bwana mkubwa. Vinanichanganya."

"Umedanganya mara ngapi leo?"

"Hata saa sita bado haijafika, bwana."

Dirishani wakaangua kicheko, na kicheko kile kilimsaidia, maana alipata wa kuwakasirikia. Akawafukuza wote. Akachana karatasi moja, akaandika nyingine, akanifanya niweke sahihi kwamba kasha ni la juzi juzi na nimelivunja kwa hiari yangu. Mkamwana wangu akaambiwa amrudishie mama wa miwani fedha yake, naye akasema atarudisha hata kabla hajaulizwa. Saa sita kasoro tano gari likaondoka, nyuma tupu.

Fundi Randa alinisubiri nje, anachechemea.

"Nilikuambia si mkono wangu."

"Ungesema kwa nguvu."

"Nilisema mara mbili! Wewe ulikuwa unanivunja vidole." Akanipokonya patasi yake, nilikuwa bado nimeishika. Akaiangalia makali, akaniangalia mimi. "Hilo lilikuwa la bibi yako. Nimelijua kwa kona tu. Vijiti vile alivichonga mtu mwenye subira."

Nikabaki nimesimama nimekumbatia vipande vya kasha ndani ya kanga. Bibi yangu! Aliniambia la bibi yake huku amenishika mikono yote miwili, na machozi yakimtoka. Meli zilikuwa zinatia nanga hapa siku zile, mabaharia wanashuka na fedha, wanatafuta vitu vya kupeleka kwao. Na vidole vya bibi vilikuwa vyeusi siku zote, mpaka kwenye kucha. Mimi nilidhani ni vya kusugua sufuria. Sasa nikajiuliza ni makasha mangapi yaliondoka na meli zile, na hili moja kwa nini lilibaki. Labda lilikataa kuuzika.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya ufukweni, mkamwana wangu mbele, mimi nyuma. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Nilitegemea anishukuru. Nilikuwa nimekwisha kuandaa jibu la unyenyekevu. Tulipopita mitumbwi iliyopinduliwa akasimama.

"Mama, lile la kituoni lilikuwa la bibi yako."

"Lilikuwa."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mama."

"Sikujua."

Akatikisa kichwa. Upepo ulikuwa unampeperushia kanga usoni, haiondoi. "Ulipokwenda kumwita fundi, ulipita nyumbani?"

"Nilipita."

"Kasha la nyumbani lilikuwepo. Panga lipo. Ungelipasua lile kwanza, si ungejua? Ungekuja pale unajua unafanya nini."

Nilikuwa na uongo mzuri sana. Ulikuwa kamili, hata makovu unayo. Nikaufungulia mdomo, halafu nikaona macho yake yamevimba, nikaufunga.

"Nilinyanyua panga mara mbili," nikasema. "Nikaogopa kuwa ndilo la bibi."

"Ukalihurumia."

"Ndiyo."

"Kasha."

"Ndiyo, mwanangu."

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alimfungua mtoto mgongoni taratibu asimwamshe, akanipakatisha juu ya vipande vya mbao, akanifunga na kanga yake.

"Mshike vizuri," akasema. "Mimi natangulia."

Akatangulia. Mguu wangu hauwezi kumfuata mtu mwenye hasira, nami sikumwita anisubiri. Nilikwenda taratibu, mtoto anapumulia shingoni kwangu. Nilipofika, mlango ulikuwa umeegeshwa. Chai yangu alikwisha kuipakua, lakini hakuiweka mezani tunapokaa siku zote. Alikuwa ameiweka nje, juu ya kigoda, imefunikwa na kisahani. Nikakaa pale pale nje na mtoto, nikainywa.